Mbuzi wa Ambrosi na Vimkia vya Sauti ya Nne

Mbuzi wa Ambrosi alipokula karatasi ya noti za kwaya, alilia do-mi-so wiki nzima. Habari hiyo niliitoa mimi, na pale Kihesa hakuna aliyenisadiki. Hata mke wangu Rozalia alikataa, naye alikuwepo mbuzi akitafuna. Ambrosi ni jirani yangu, na kwenye kwaya ya usharika tunakaa benchi moja, sauti ya nne. Alikasirika akahamia benchi la mbele. Alirudi alipogundua kwamba bila bega langu kumsukuma hajui pa kuingilia kwenye wimbo.

Mkumbuke mbuzi huyo. Atarudi.

Mimi ni Anord. Sauti yangu niliipata Chimala, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nilikokuwa fundi mpaka nilipostaafu. Mashine ile ilikuwa inanguruma vibaya sana. Ukitaka mwenzako akusikie, kupiga kelele juu ya mngurumo hakukusaidii, lazima upite chini yake. Basi nikashuka, nikashuka, mpaka siku moja nikasema "zima!" na mashine ikadhani imeitwa na mwenzake, ikaitika. Tangu hapo noti za chini kabisa pale kanisani ni zangu. Vijana wa sauti ya nne wanafika mlangoni pa noti hizo wanaishia kugonga tu.

Mwaka huu kwaya yetu ilialikwa Mbeya kwenye tamasha. Wimbo wa pamoja ulitungwa na Sosthenes, mwalimu wa kwaya wa kule, rafiki yangu tangu enzi za Chimala. Aliuandika kwa kompyuta, kwa programu inayoitwa Solfeta, ambayo hupanga noti zetu za herufi, d kwa do, r kwa re, na kuendelea. Noti ikiwa ya chini, herufi huwekewa kimkia chini yake. Kimkia hicho ni kidogo kuliko mguu wa sisimizi, lakini ndicho kinachomwambia mzee kama mimi ashuke ngazi au abaki juu.

Mwalimu wetu wa kwaya, Eveline, alipokea wimbo ule kwenye simu, akaenda kuuchapisha katika duka la steshenari la Mlandege, akatugawia. Tukaanza. Sauti ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu wakajidai kama kawaida yao. Tukaingia sisi wa nne.

Jamani! Tulilia kama bawaba za geti. Ambrosi alishika shingo kwa mikono miwili, akapanda, akapanda, mpaka macho yakamtoka. Nje, mbwa wa mchungaji alijibu. Mimi sikuimba. Nilikuwa natazama karatasi.

"Babu Anord, mbona umenyamaza?" Eveline akauliza.

"Mwalimu, karatasi imekosea. Noti hizi ni za chini. Hii ya mwisho ni so ya chini kabisa. Vimkia havipo."

"Karatasi inasema so ya kawaida."

"Karatasi inasema uongo."

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Hata sauti ya pili, alipokaa mke wangu, walicheka, na mmoja nilimtambua kwa kicheko.

"Kompyuta haina sababu ya kudanganya, babu," Eveline akasema. "Wewe unazo tele. Nani aliyetuambia mbuzi wa Babu Ambrosi anaimba?"

"Mbuzi ni habari nyingine."

"Sosthenes anapenda mambo mapya. Kama kataka sauti ya nne ipande, itapanda. Kosta ya kutupeleka Mbeya ina viti vichache, na vijana wanne wanajitahidi kuifikia hiyo so. Wazee wasioifikia kwenye mazoezi ya mwisho watabaki Iringa, watuombee safari."

Ningeweza kuchora vimkia kwa kalamu, sawa. Lakini karatasi za kwaya hukusanywa baada ya mazoezi, na anayekutwa amechora juu yake hufagia kanisa. Zaidi ya hapo, kimkia kilichochorwa na mkono wangu kingeaminiwa na nani?

Nilimpigia simu Sosthenes.

"Ugonile, Anord! Bado unawadanganya watu huko?"

"Sosthenes, wimbo wako hauna vimkia kwenye sauti ya nne."

"Vipo. Natazama skrini yangu hapa hapa. Vimejaa."

"Kwenye karatasi havipo."

"Anord, bwana. Wewe ndiye uliyeniambia Chimala kuna kambale alikuwa analipwa mshahara wa ulinzi wa mfereji." Akacheka mpaka simu ikakatika.

Ndugu zangu, hebu oneni. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima nilikuwa na ukweli mkononi, ukweli mtupu usio na hata punje ya chumvi, na sikupata wa kumpa. Kiti changu cha kosta kilikuwa kinaondoka hivi hivi nakiona.

Nikaenda Mlandege, kwenye lile duka la steshenari. Nikamwomba mwenye duka afungue wimbo. Kwenye skrini vimkia vilikuwepo, kama alivyosema Sosthenes. Akachapisha, vikapotea. Nikamwomba afute maneno ya wimbo, abakize noti peke yake, achapishe tena. Vimkia vikarudi! Nikashika kiuno. Mashine ikizunguka vizuri bila mzigo na ikikwama ukiweka mpunga, tatizo haliko kwenye mpunga, liko kwenye mashine. Maneno yakikaa chini ya noti, programu ilikuwa inavificha vimkia wakati wa kuchapisha.

Jumapili, kwenye chai baada ya ibada, niliwatangazia: "Ile programu nitaitengeneza mwenyewe."

"Na ndege ya rais nayo ina pancha, usiisahau," Ambrosi akasema, na chai ikawatoka watu puani.

Sasa nieleze jambo moja. Solfeta ni programu huria. Maana yake, maandishi yote yanayoiendesha yamewekwa wazi kwenye mtandao, kila mtu anaweza kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha, kisha kuwaomba wenyewe wayapokee marekebisho yake. Nilikuwa nimejifunza kidogo uandishi huo tangu nistaafu, kwa kompyuta mpakato niliyoinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Ilikuwa nzima kabisa isipokuwa kitufe cha mkato, kile cha kuandikia koma, ambacho kilikuwa kimeng'oka. Nikitaka koma nachomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu lake.

Nikaufungua ukurasa wa Solfeta, mahali pa kuandikia hoja, nikaingia kama mtu mwenye malezi:

"Hodi. Kamwene. Mimi ni Anord wa Kihesa, Iringa. Hamjambo hapo? Watoto wazima? Mvua zinanyesha? Sisi huku wazima, ila baridi."

Huwezi kumrukia mtu na shida yako kabla hajakukaribisha kiti, ndivyo nilivyolelewa. Nikangoja waniitikie, ndipo niseme. Kabla sijamaliza kunywa uji, jibu likaja. Hoja yangu imefungwa, haina maelezo ya tatizo.

"Rozalia! Wamenifungia mlango usoni! Hata salamu hawakuitikia!"

Rozalia alikuwa anachambua maharage. Akaja, akavaa miwani, akasoma. "Huyu aliyekujibu ni roboti, imeandikwa hapa. Ni mlinzi wa getini tu. Wenyewe hawajakuona." Kisha akanitazama. "Anord, ulipotaka kunioa ulikuja mwenyewe kupiga hodi kwa baba?"

"Nilimtuma mshenga."

"Na mshenga alianza na nini?"

"Aliuliza taratibu za nyumba yenu."

"Basi kaulize taratibu za nyumba yao."

Akarudi kwenye maharage. Nami nikatafuta, nikazikuta. Kulikuwa na ukurasa mzima kwa ajili ya wageni wanaotaka kuchangia, nami nilikuwa nimeuruka kama mlevi anavyoruka kizingiti. Simu ikanisaidia kutafsiri. Walitaka mambo machache. Ulifanya nini? Ulitegemea kuona nini? Ukaona nini? Weka na picha. Salamu hazikutajwa, lakini hazikukatazwa.

Nikaandika upya. Nilichapisha wimbo wenye maneno. Nilitegemea kuona vimkia. Nimeona kichwa cha Ambrosi kikikaribia kupasuka. Nikaweka picha ya karatasi na picha ya skrini. Ya Ambrosi sikuweka, kwa heshima.

Jibu lilitoka kwa mama mmoja anayeitwa Gwen, wa Wales, nchi ya mvua na kondoo, ambako nako wanaimba kwa noti za herufi. Alisema asante, amejaribu mwenyewe, ameliona tatizo, na hakuna aliyewahi kuwaeleza kwa uwazi hivyo. Mwisho akauliza, je, ningependa kujaribu kulirekebisha mwenyewe?

"Ameniita ndani!" nikapiga kelele.

"Nani?"

"Mama mwenye nyumba!"

"Mama gani?" Rozalia akainuka na ungo wake, na ikabidi nimsomee barua yote tangu mwanzo.

Nikachukua nakala yangu ya programu, nikaipeleka pembeni, maana taratibu zilisema usiguse ile yenyewe, cheza na nakala yako kwanza. Nikaanza kusoma. Yalikuwa maandishi mengi ajabu. Kama ungeyachapa na kuyatandaza, yangetoka Kihesa, yakateremka Kitonga, yakasimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu. Lakini fundi haanzi kwa kufungua kila nati. Nilifuata mkanda mmoja tu, ule unaotoka kwenye kuchapisha kwenda kwenye maneno ya wimbo. Nikaufuata polepole, nikarudi, nikapotea, nikamgombeza paka. Hatimaye nikakuta mahali palipoandikwa kwamba maneno yakiwa karibu mno na noti, alama za chini zifichwe, zisigongane na herufi.

Aliyeandika hakuwa na ubaya. Alikuwa anaogopa msongamano. Nami nikabadilisha hivi: badala ya kuvificha vimkia, maneno yasogee chini kidogo yavipishe. Kazi yote ilikuwa mistari michache, na kila mstari ulitaka koma. Njiti ziliisha, nikatumwa dukani na mimi mwenyewe.

Nikajaribu kwenye nakala yangu. Vimkia vikatokea, vyote, vimening'inia kama popo. Nikafurahi kupita kiasi, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilijiambia, maadamu nimo ndani na spana mkononi, kwa nini nisinyooshe na mengine? Nikaweka programu iseme "Bwana Yesu asifiwe" kila ikifunguliwa. Nikaipa sauti ya nne wino mzito. Na sauti ya tatu, kwa sababu ninazozijua, nikaipunguzia herufi kidogo. Nikafunga vyote katika ombi moja, nikatuma.

Gwen akajibu kwa upole. Rekebisho la vimkia ni zuri. Lakini kwa nini sauti ya tatu imekuwa ndogo?

Nikaandika kwamba wanajisikia sana.

Akaandika kwamba hata kwao wanajisikia, ila programu haiwezi kuwaadhibu. Akaniomba nishike kanuni moja, ombi moja libebe jambo moja tu. Ya salamu na ya wino niyatoe, nikitaka niyalete siku nyingine, yajadiliwe peke yake.

"Anakufundisha adabu," Rozalia akasema. "Mimi nimejaribu muda mrefu."

Nikatoa yote, nikabakiza vimkia. Nilidhani tumemaliza, kumbe bado. Gwen alitaka wimbo mfupi wa majaribio, wenye maneno na noti za chini, ukae ndani ya programu siku zote. Mtu yeyote akibadilisha kitu baadaye, yule roboti wa getini ataupanga wimbo huo kwanza aone kama vimkia bado vipo. Visipokuwepo, mtu haruhusiwi kupita.

Wimbo upi sasa? Wa Sosthenes ulikuwa mali yake, na nyimbo za vitabuni zina wenyewe. Nikajikuna kichwa. Nje, kwa jirani, mbuzi akalia.

Nikaandika:

Mbuzi wa Ambrosi kala karatasi,
sasa aimba do mi so, bila wasiwasi.

Silabi ya mwisho nikaiweka kwenye so ya chini kabisa, pale ninapokaa mimi. Nikaambatanisha na tafsiri yake, wasije wakafikiri ni siasa.

Gwen aliuliza swali moja tu. Je, ni kisa cha kweli?

"Kweli tupu," nikamjibu. "Muulize mke wangu."

Hakuuliza. Ombi likapokelewa. Roboti, yule yule aliyenifungia geti, akaweka alama ya kijani kama askari anayepiga saluti. Kisha Gwen akasema toleo jipya litatoka mwezi ujao.

Mwezi ujao! Mazoezi ya mwisho yalikuwa wiki ile ile. Nilichomeka njiti nikamwandikia habari ya kosta, viti vichache, vijana wanne na wazee wanaobaki wakiombea safari. Sikuongeza kitu, na nawaambia ilikuwa kazi ngumu kuliko kuirekebisha ile programu. Kesho yake akatoa toleo dogo, lenye rekebisho langu peke yake. Aliandika kwamba yeye mwenyewe anaimba sauti ya pili, na anajua maana ya kuachwa na basi la kwaya.

Siku ya mazoezi niliamkia Mlandege. Mwenye duka akaingiza toleo jipya, akachapisha. Nikachukua karatasi zikiwa bado moto, nikaenda nazo kanisani nimezikumbatia kama maandazi.

Eveline akatazama. Akageuza karatasi nyuma. Akalamba kidole, akasugua kimkia kimoja aone kama ni kalamu yangu. Hakikutoka.

"Vimetoka wapi hivi?"

"Programu imetengenezwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Waliocheka safari hii walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, maana hata mtunza kanisa alikuwa amesimama dirishani.

"Sosthenes katuma nyingine, amegundua kosa lake," Eveline akasema. "Haya, tuimbe."

Tukaimba. Ambrosi aliposhuka kwenye noti yake ya kwanza ya chini, uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa viatu vya kubana. Wale vijana wanne walishuka nasi mpaka ngazi ya mwisho, wakasimama. Mimi nikashuka peke yangu kwenye so. Misumari ya benchi ililegea, na maji ya ubatizo yalifanya mawimbi. Nusu ya hayo ni kweli.

Eveline alishusha mikono polepole. "Babu Anord," akasema, "kiti chako kipo. Ila ukae nyuma, mbali na dereva. Nakujua, utamsimulia mambo mpaka atupeleke Songea."

Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Nilipita Chimala nimekaa dirishani kama waziri, nikainyooshea kidole mashine yangu ya zamani, nikawaeleza ilivyokuwa ikiitika. Hakuna aliyesikiliza. Ya programu sikuigusa tena.

Mbeya tulipokelewa na ukungu na chai ya tangawizi. Tukiwa ukumbini, Sosthenes akaja na kompyuta yake mkononi, ikiwa wazi, amekunja uso.

"Ugonile, Anord. Kumbe vimkia kweli vilikuwa havichapishwi. Nimeweka toleo jipya leo, nimejaribu, sasa vinatoka. Nisamehe. Lakini hebu niambieni jambo. Humu kwenye nyimbo zao za majaribio kuna wimbo wa Kiswahili wa ajabu." Akasogeza miwani, akaimba kwa sauti ya chini, mbele ya kwaya mbili zenye vikombe mkononi: "Mbuzi wa Ambrosi kala karatasi..." Akanyanyua kichwa. "Ambrosi ni nani?"

Kikombe cha Ambrosi kikabaki hewani. Watu wa Kihesa wote wakageuka, wakanitazama mimi, niliyekuwa natia sukari.

"Babu," Eveline akasema taratibu, "wimbo huu umeingiaje humo?"

"Mwalimu," nikamjibu, "kompyuta haina sababu ya kudanganya."

Alikaa chini. Akaichukua ile kompyuta, akasoma, akasoma tena, akaanza kucheka kidogo kidogo, kisha akashindwa kujizuia. "Uongo huu hauna mtu mwingine duniani," akasema. "Ni wako. Kwa hiyo ni kweli, programu uliitengeneza wewe."

Rozalia, kwa uungwana ambao sikuutegemea, akainua mkono. "Karatasi mbuzi aliila. Hiyo nilishuhudia. Ya kuimba sijui, nilikuwa jikoni."

Mchana tukaimba, na so yangu nikaiweka chini ya ukumbi mzima kama zulia. Sosthenes alinitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale, akaniinamishia kichwa. Sitaongeza neno hapo.

Lakini Ambrosi hakunisemesha siku nzima. Tuliporudi, kosta ilipokuwa inapita Igawa, akahama kiti chake, akaja kukaa karibu yangu.

"Huko Wales wananijua kwa mbuzi?"

"Si Wales tu. Popote duniani mtu akigusa programu ile, mbuzi wako analia kwanza."

"Naweza kuutoa wimbo huo?"

"Ni programu huria. Mtu yeyote anaweza kuomba."

Akafikiri mpaka Makambako. Kisha akanyoosha kidole kwenye kompyuta yangu, niliyokuwa nimeipakata. "Fungua. Nifundishe. Naanza na hodi?"

"Usianze na hodi," nikamwambia. "Na jambo moja tu kwa ombi moja, usiniletee na ugomvi wa mpaka wa shamba." Nikachomeka njiti. "Haya. Ulifanya nini?"

"Nilifungua programu."

"Ulitegemea kuona nini?"

"Heshima."

"Ukaona nini?"

Ambrosi akashusha pumzi ndefu, akatazama dirishani, sauti yake ikashuka mpaka kwenye so ya chini kabisa, ambayo sikujua kwamba naye anaifikia.

"Mbuzi," akasema.